UCHUMI WA AISKRIMU NA KASUMBA YA DIGRII ZA MAJUU

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, pilika ni zile zile. Hoteli kubwa za Dar zinajaa maonyesho ya vyuo vya nje. Mawakala wanagawa vipeperushi vyenye picha za vijana wa rangi zote wamekaa kwenye nyasi wanacheka. Mzazi anauza kiwanja. Shangazi aliyeko Reading anapigiwa simu, mjomba aliyeko Houston anapigiwa simu. Na ukimuuliza kijana anakwenda kusomea nini huko, kama si biashara basi ni uchumi. Mwulize tena: "Uchumi wa nani?" Atakutazama kama vile umemuuliza maji yana rangi gani.

Swali hilo ndilo ninalotaka tuulizane leo. Uchumi wa nani?

Kabla hamjaanza kunirushia mawe, niseme wazi: sipingi mtu kusafiri kusoma. Wahenga walisema tembea uone. Sina ugomvi na ndege wala na theluji. Ugomvi wangu ni na kasumba. Kasumba inayotuambia kwamba uchumi ni elimu kama ya kufunga mabomba: bomba la London ni bomba la Lushoto, kwa hiyo ukajifunze kule wanakofunga mabomba vizuri, kisha urudi utufungie. Mtu akienda Toronto kusomea upasuaji, nitamwelewa. Kidole tumbo cha Mkanada na cha mtu wa Tukuyu viko upande ule ule. Lakini uchumi ni habari ya nani anamiliki nini, nani anamfanyia nani kazi, nani anapata na nani anakosa. Hayo hayako upande ule ule kila mahali.

Chukua mfano mdogo. Kitabu cha Gregory Mankiw, profesa wa Harvard, ni moja ya vitabu vya kwanza vya uchumi vinavyotumika zaidi duniani. Mwanafunzi akifika kwenye sura ya mahitaji na ugavi, anafundishwa kwa mfano wa soko la aiskrimu. Bei ikipanda, watu wananunua aiskrimu chache. Bei ikishuka, wananunua nyingi. Wauzaji ni wengi, wanunuzi ni wengi, hakuna mwenye ubavu wa kumpangia mwenzake bei. Safi kabisa. Mtoto wa Massachusetts anaelewa mara moja, maana aiskrimu anaijua tangu anatambaa.

Sasa mlete kijana huyo Newala msimu wa korosho. Muuzaji ana magunia yake, ana ada ya mtoto inayomsubiri, ana deni la salfa aliyopulizia mikorosho. Hana ghala la kuhifadhia mpaka bei ipande. Mnunuzi naye ni kampuni chache zinazojuana, zinazosafirisha korosho ghafi kwenda India na Vietnam. Katikati kuna chama cha msingi, chama kikuu, mnada, makato na mwanasiasa. Mwaka 2018 wakulima waligoma kuuza kwa bei za mnada, na mwezi Novemba mwaka huo Rais Magufuli akaamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaenda kusomba magunia. Niambieni, jamani, mchoro wa aiskrimu unalieleza jambo hilo kwa mstari gani? Ule unaopanda au ule unaoshuka?

Mtaniambia mfano wa aiskrimu ni wa mwaka wa kwanza tu, mbele huko wanafundishwa masoko yenye wanunuzi wachache, taarifa zisizo sawa, na mengine mengi. Ni kweli. Lakini wangapi wetu wanafika huko mbele? Wengi wanasoma digrii ya kwanza, wanaongeza mwaka mmoja wa uzamili, wanarudi, na kinachobaki kichwani ni ule msalaba wa mistari miwili. Na msalaba huo ndio wanaotubebesha.

Historia ipo, tuisome. Mwaka 1956 Chuo Kikuu cha Chicago kilitia saini mkataba na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Chile, kwa fedha za msaada za serikali ya Marekani. Makumi ya vijana wa Chile wakapelekwa Chicago kusoma uchumi kwa walimu kama Milton Friedman na Arnold Harberger. Wakarudi, wakafundisha, wakaandika mpango mzima wa kuendesha nchi. Wananchi hawakuutaka. Kwa kura, wananchi walimchagua Salvador Allende mwaka 1970. Basi mpango ukasubiri. Tarehe 11 Septemba 1973 majeshi ya Jenerali Pinochet yakapindua serikali, na vijana wa Chicago wakapata walichokikosa kwenye sanduku la kura. Mmoja wao, Sergio de Castro, akawa waziri wa uchumi na baadaye wa fedha. Vyama vya wafanyakazi vikavunjwa, vyama vya siasa vikafungwa, watu wakatoweka, na wachumi wakaendelea kuchora mistari yao kwa utulivu maana hakuna aliyebaki wa kuwauliza. Mwaka 1982 uchumi wa nchi hiyo ukaporomoka kwa zaidi ya asilimia 13 ndani ya mwaka mmoja, na mapema 1983 serikali iliyohubiri soko huria ikalazimika kuyachukua mabenki makubwa mikononi mwake. Wapo wanaosema baadaye Chile ilikua vizuri. Ilikua, ndiyo, baada ya kurekebisha mengi ya yale waliyoambiwa hayarekebishiki. Lakini hoja yangu haiko kwenye asilimia. Hoja yangu ni kwamba walikuwa wataalamu waliofunzwa kumjibu mwalimu wao wa Chicago. Hawakufunzwa kumjibu mama wa Santiago.

Msicheke Wachile. Sisi yetu tunayo.

Miaka ya 1980 nchi ilikuwa hoi. Vita ya Kagera, bei ya mafuta, ukame, na makosa yetu wenyewe. Edwin Mtei alijiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979 kwa kutofautiana na Mwalimu kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwalimu alikataa masharti hayo kwa miaka. Mwaka 1986, Mzee Mwinyi akiwa Ikulu, tukasaini. Mengine yalihitajika, sibishi. Shilingi ilikuwa na bei ya uongo na maduka yalikuwa matupu, na kila aliyepanga foleni ya sabuni anajua. Lakini ndani ya kapu hilo kulikuwa na wazo moja lililotoka moja kwa moja kwenye kitabu cha mwaka wa kwanza: kwamba elimu na tiba ni huduma kama huduma nyingine, na mtumiaji akichangia kidogo ataithamini zaidi na ataacha kuitumia ovyo. Tukaiita kwa jina tamu, kuchangia gharama. Ada za shule za msingi zilizorudi miaka hiyo ya 1980 zikazidi kukomaa, na mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza.

Matokeo yake? Nchi iliyokuwa imekaribia kuwaingiza watoto wote darasani, kufikia mwaka 2000 ilikuwa na karibu watoto 4 katika kila 10 wa umri wa shule ya msingi ambao hawakuwa shuleni. Ada ilipofutwa 2001, watoto walifurika mpaka madarasa yakakosa pa kukanyaga. Maana yake ni nini? Maana yake watoto walikuwa wanaitaka shule siku zote. Kilichowazuia ni vijisenti ambavyo mtaalamu, kutoka ofisi yenye kiyoyozi, aliviona ni kidogo mno kumzuia mtu. Hiyo si hesabu iliyokosewa. Hesabu ilikuwa sahihi, ila mtu aliyekuwa ndani ya hesabu hakuwa mtu wa huku. Mtoto wa kike wa Singida aliyeacha shule darasa la tatu mwaka 1994 ili kaka yake asome, leo ana miaka arobaini na kitu. Hakuna semina itakayomrudishia.

Au nendeni kwa jirani zetu wa Msumbiji. Katikati ya miaka ya 1990, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, nchi hiyo ilipunguza ushuru wa kusafirisha korosho ghafi. Kitabu kilisema mkulima atapata bei nzuri, na viwanda visivyo na tija vife tu, watu watapata kazi nyingine. Viwanda vikafa kweli, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao akina mama, wakakosa ajira. Hizo kazi nyingine hazikuja. Wachumi Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Horn Welch walipokaa kupiga hesabu mwaka 2002, walikuta faida kwa kaya ya kawaida ya mkulima wa korosho ilikuwa kama dola tano na ushee kwa mwaka. Kwa mwaka!

Hapa sasa msomaji makini atanikamata. Atasema: "Wewe, hao waliofichua si ndio hao hao wasomi wa majuu? Rodrik si profesa wa Harvard?" Naam. Ni Mturuki aliyesoma Marekani, na ndiye aliyewaumbua. Ndiyo maana nikasema sina ugomvi na vyuo. Chuo kile kile kinamtoa anayefunga kiwanda na anayeuliza kwa nini kilifungwa. Tofauti ni nini? Mmoja alikwenda kuchukua majibu, mwingine alikwenda na swali.

Na sisi tunao waliokwenda na swali. Kwa nini hatuwataji? Justinian Rweyemamu alisoma Harvard mpaka udaktari, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1973 kikatoka kitabu chake kuhusu kudumaa kwa maendeleo na ujenzi wa viwanda Tanzania. Hakuja kutuuzia notisi za Boston. Alichukua zana zao akachimbua kwa nini nchi inayolima pamba inanunua shati. Thandika Mkandawire wa Malawi alisoma Ohio na Stockholm, akaishi uhamishoni miaka mingi kwa sababu ya Banda, akaongoza taasisi ya CODESRIA kule Dakar, na mpaka alipofariki mwaka 2020 hakuchoka kuwaambia wakubwa wa Washington kwamba serikali za Afrika zilikuwa na uwezo kabla wao hawajazikata miguu na kuzilaumu hazitembei. Hata mzee Barack Obama, yule baba, alirudi Kenya kutoka Harvard katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1965 akaandika makala katika jarida la East Africa Journal kuukosoa waraka wa serikali yake mwenyewe kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Aliuliza habari ya ardhi na ukoo, aliuliza nani hasa atamiliki uchumi wa Kenya huru. Unaweza usikubaliane naye, lakini maswali yale hayakuwemo kwenye mtihani wa Harvard. Aliyabeba kutoka Nyanza.

Sasa nyie mnaokwenda leo, swali lenu ni lipi?

Naongea hivi kwa sababu kazi yangu inanikalisha kwenye semina na mikutano ya waandishi karibu kila wiki. Nimewasikiliza wataalamu wengi. Kuna mmoja, simtaji, alituonyesha slaidi arobaini juu ya mfumuko wa bei wa vyakula. Mwandishi mmoja dada akamuuliza gunia la mahindi Kibaigwa wiki hiyo lilikuwa shilingi ngapi. Akajibu kwamba data za ngazi hiyo ziko nje ya mada yake. Nje ya mada! Mfumuko wa bei za vyakula, halafu bei ya chakula iko nje ya mada. Na ukumbi ukapiga makofi, maana alitambulishwa kwa jina la chuo chake kabla ya jina lake.

Makofi hayo ndiyo kasumba ninayoisema. Tangazo la kazi linasema "digrii kutoka chuo kinachotambulika kimataifa itapewa kipaumbele". Kinachotambulika na nani? Aliyesoma Mlimani miaka mitatu, akafanya utafiti wake kwa miguu Kariakoo akihesabu machinga, anawekwa chini ya aliyesoma mwaka mmoja mji ambao hata ukimwambia auonyeshe kwenye ramani anahangaika. Kisha tunashangaa sera zinatunga sheria za kuwafukuza machinga kana kwamba ni uchafu, wakati wao ndio soko lenyewe.

Cha kuchekesha zaidi ni kwamba wenzetu wa huko wameshaanza kuvikataa vitabu tunavyovililia. Juni 2000 wanafunzi wa uchumi Paris walitoa tamko kwamba wamechoka kufundishwa ulimwengu wa kubuni usiohusiana na ulimwengu wanaoishi. Novemba 2008, baada ya mabenki kuanguka, Malkia Elizabeth alipotembelea London School of Economics aliuliza swali ambalo hata bibi yangu angeliuliza: ilikuwaje hakuna aliyeliona linakuja? Tarehe 2 Novemba 2011 wanafunzi kadhaa wa Harvard walinyanyuka wakatoka kwenye darasa la Mankiw huyo huyo wa aiskrimu, wakidai somo lake linaegemea upande mmoja. Mwaka 2012 wanafunzi wa Manchester wakaanzisha chama chao kudai mtaala mpana zaidi. Mwaka 2014 vyama vya wanafunzi wa uchumi kutoka nchi nyingi vikatoa barua ya pamoja vikitaka historia, maadili na mitazamo mbalimbali irudi darasani. Watoto wa wenye duka wanasema bidhaa ina kasoro. Sisi tulioko nje tunagombania foleni tuinunue kwa bei ya mgeni!

Na tuiseme bei yenyewe, maana wengine mtaniuliza. London School of Economics mwanafunzi wa kigeni wa digrii ya kwanza ya uchumi analipa zaidi ya paundi 25,000 kwa mwaka, ada tu. Harvard ada peke yake inapita dola 50,000. Uingereza utalipia na huduma ya afya kabla hujaugua, paundi 776 kwa kila mwaka wa masomo tangu Februari 2024, na tangu Januari 2024 mwanafunzi wa shahada ya kawaida ya uzamili haruhusiwi kufuatana na mke au mume na watoto. Norway iliyokuwa bure kwa kila mtu ilianza kuwatoza wasiotoka Ulaya mwaka 2023. Ujerumani vyuo vingi vya umma bado havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg hutoza wageni euro 1,500 kwa muhula, na kokote utakakokwenda lazima uonyeshe kwamba una fedha za kujikimu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mawakala wa hotelini hawawaambii, kwa sababu hawapati kamisheni kwalo. Ngazi ya udaktari katika vyuo vingi vikubwa vya Marekani, mwanafunzi wa uchumi halipi ada. Analipwa. Anapewa posho ya kuishi, naye anasaidia kufundisha na kutafiti. Maana yake anayeuza kiwanja ni mtoto wa digrii ya kwanza, yaani ile sehemu ya elimu ya uchumi ambayo inapatikana hapa hapa, Mlimani, Mzumbe, Dodoma, Nairobi, Makerere, kwa kitabu kile kile cha aiskrimu! Na kwa uzamili, tangu mwaka 1993 vyuo kadhaa vya Afrika vina programu ya pamoja chini ya jumuiya ya utafiti wa uchumi ya AERC yenye makao Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1988. Marehemu Profesa Benno Ndulu, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu kuanzia 2008 hadi 2018, ni mmoja wa waliowahi kuiongoza jumuiya hiyo. Yeye mwenyewe udaktari wake alisomea Northwestern, Marekani. Alisoma nje, akarudi kujenga mahali ambapo wengine wasilazimike kutoka. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.

Lakini kuna kejeli moja inayonikosesha usingizi. Mwaka 2019 tuzo ya Nobel ya uchumi walipewa Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer kwa majaribio ya mashambani juu ya kupunguza umaskini. Moja ya kazi zilizomjengea jina Kremer, aliyoiandika na Edward Miguel na kuchapishwa mwaka 2004, ilihusu dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, magharibi mwa Kenya. Kremer huyo, kabla hajawa profesa, aliwahi kufundisha sekondari huko huko magharibi mwa Kenya. Yaani Mmarekani alijifunza uchumi Busia, akaenda kuufundisha Massachusetts. Na kijana wa Busia leo anatafuta viza aende Massachusetts akafundishwa habari za minyoo ya Busia. Mnaona mzunguko huo? Ni ile ile korosho. Inatoka hapa ghafi, inabanguliwa nje, inarudi kwenye pakiti yenye jina la mwingine, na sisi tunainunua uwanja wa ndege.

Simlaumu Kremer hata kidogo. Yeye alikuja, akakaa, akauliza. Nawalaumu wanaopita juu ya Busia kwa ndege.

Wapo watakaoniambia: "Acha uzalendo wa kelele. Wa nyumbani nao walituharibia." Hili ni pingamizi zito na sitalikwepa. Operesheni Vijiji ya kati ya 1973 na 1976 haikuandikwa Chicago. Ni sisi wenyewe tuliowahamisha watu kwa mamilioni, wengine kwa nguvu, wakaacha mashamba yao na miembe yao, uzalishaji ukayumba. Ni kweli, kuzaliwa hapa hakumpi mtu akili ya kuijua nchi. Lakini tazameni kosa lenyewe. Operesheni Vijiji na mpango wa karanga wa Waingereza kule Kongwa ni mtu na pacha wake. Mwaka 1947 wataalamu wa London walipiga hesabu kwamba karanga zitastawi Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakaleta matrekta, wakatumia paundi zipatazo milioni 36, na mapema 1951 wakafunga virago, maana ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi ni ngumu kama saruji na mvua haisomi mpango wa kazi. Mgogo yeyote angewaambia bure. Hawakumuuliza. Operesheni Vijiji nayo haikumuuliza mkulima. Kwa hiyo adui si kiti alichokalia mtaalamu, cha London au cha Dodoma. Adui ni mtaalamu asiyeuliza. Na digrii ya ughaibuni, kwa jinsi tunavyoiabudu, ni leseni kubwa kuliko zote ya kutouliza.

Kuna na jambo la lugha, na hapa najua nitawaudhi baadhi ya rafiki zangu. Hotuba ya bajeti husomwa bungeni kila mwezi Juni kwa Kiswahili. Nakisi, pato la taifa, mfumuko wa bei, riba, amana, hati fungani, maneno tunayo. Lakini mwite mchumi wetu redioni umwombe aeleze kwa nini shilingi imeshuka. Sentensi ya kwanza Kiswahili, ya pili nusu kwa nusu, ya tatu imeshapaa hewani. Atasema Kiswahili hakina istilahi. Si kweli. Tatizo ni kwamba yale mambo aliyakariri, hakuyaelewa. Ulichokielewa utamweleza mama ntilie kwa mfano wa sufuria zake. Mwambie kwamba akipandisha sahani ya wali kwa shilingi mia tano, wateja wa ofisini watalalamika na kulipa, ila vijana wa bodaboda watahamia kwenye chipsi. Hapo umeshamfundisha nusu ya sura nzima ya jinsi mahitaji yanavyonyumbuka bei ikibadilika. Kwa kweli yeye ndiye atakufundisha wewe, maana amelijua hilo tangu sufuria yake ya kwanza. Anajua pia upatu, anajua VICOBA, anajua kukopesha kwa macho bila dhamana na bado akarudishiwa. Kuna vyuo vinatoa udaktari kwa kuyachunguza hayo.

Na mchumi asiyeweza kueleza kwa lugha ya wanaolipa kodi, anamfanyia nani kazi? Lugha ya kufichia ni ukuta. Nyuma ya ukuta ndiko mikataba inakosainiwa.

Kwa hiyo ninataka nini? Nisije nikaonekana mpiga kelele tu.

Kwanza, bodi zetu za mikopo na wafadhili wa masomo wasitoe shilingi ya umma kumpeleka mtu nje kusoma digrii ya kwanza ya uchumi. Asome hapa. Fedha hizo zinunue vitabu, zilipe walimu, zimpeleke mwanafunzi wa mwaka wa pili akae mwezi mzima soko la Kibaigwa au mwalo wa Kirumba akihesabu.

Pili, anayekwenda kwa uzamili au udaktari aende na swali lililoandikwa kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, ambao mtu wa kijijini kwao akisomewa ataelewa na kusema, "ndiyo, hili linatusumbua." Akishindwa kuuandika ukurasa huo, hajawa tayari kusafiri.

Tatu, waajiri waache kuajiri bahasha. Mfanyieni mtu mtihani wa nchi. Mwulizeni bei ya mbolea Mbozi, nauli ya kutoka Mbagala kwenda Kariakoo, makato ya kutuma shilingi elfu hamsini kwa simu. Akijua hayo, kisha akajua na hesabu, huyo ni mchumi. Akijua hesabu peke yake ni mwalimu wa hesabu, na walimu wa hesabu nao tunawahitaji sana, aende sekondari akatusaidie.

Nne, vyuo vyetu navyo visijifiche nyuma ya hoja hii yangu vikafurahi. Mtu anaweza kusoma ughaibuni bila kuvuka Ubungo. Mwalimu anayefundisha soko la aiskrimu Mlimani wakati Soko la Samaki Feri liko nauli moja ya daladala, naye anahitaji viza ya kurudi nyumbani.

Najua wapo watakaosema nina wivu. Wengine watasema subiri na wewe upate barua ya kukubaliwa tuone kama hutakwenda. Nikipata nitakwenda, tena nikicheka. Na ukurasa wangu wa Kiswahili nitaubandika ukutani, juu ya meza ya kusomea, ili kila nikiinua kichwa kutoka kwenye zile fomula nikumbuke ni watu gani wanaosubiri jibu.

Wewe unayejaza fomu usiku huu, ukurasa wako umeandikwa nini? Kama bado ni mtupu, zima kompyuta. Kesho amka mapema uende sokoni.